Mzabibu Uitwao Subiri

Afisa alikuja na fomu na kalamu mbili, moja imekauka.
Dabaga ilikuwa bado ndani ya ukungu,
saa nne asubuhi, bati linadondosha maji
na mvua hakuna.
"Jina la aina?" akauliza.
Shangazi Semfilinge aliendelea kumenya viazi.
"Subiri," akasema.
Kijana akasubiri.
Viazi vikaisha, maganda yakaenda kwa nguruwe,
sufuria ikapanda mafigani.
Kijana akakohoa. "Jina, mama?"
"Si nimekwambia? Subiri."

Akaandika *Shubiri*.
Shangazi, aliyesoma mpaka darasa la nne,
aliutazama mwandiko juu chini, akacheka
mpaka akashika ubavu.
"Mwache. Hajakosea sana."

Maana mzabibu huu haukimbizani na wenzake.
Zabibu za Dodoma zishauzwa barabarani, zishasahaulika,
huu bado una vishada vya kijani,
vigumu kama changarawe.
Mpaka Mei, baridi ikianza kung'ata ncha za masikio,
ndipo rangi inaingia: punje moja kwanza, upande wa jua,
kama shavu la mtoto aliyezabwa kofi,
halafu kishada kizima,
wekundu wa damu iliyolala kwenye kisu.

Nani aliupanda?
Wapo wasemao padri.
"Padri aliukuta," Shangazi alijibu.
"Padri aliomba kipando, kikamfia. Akaomba tena."
Ulikuwa bondeni, umeukumbatia mti usio wake,
kabla ya uzio, kabla ya malori ya mbao,
ukiwalisha kwezi na nyani bila risiti.

Tuliziponda kwenye pipa la bluu lililowahi kubeba mafuta ya kula.
Mikono ilibaki zambarau wiki nzima;
shuleni mwalimu Mgimwa alidhani tunaibiana wino.

Ulanzi ni rafiki wa kila mtu.
Unakuja na mvua, mtamu,
unacheka nawe njia nzima mpaka mtaroni.
Hii haicheki.
Inaingia mdomoni, inakaa juu ya ulimi
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu,
na ule ukakasi,
ule ukakasi unaokausha ufizi na kukufanya unyamaze
katikati ya sentensi uliyokuwa na uhakika nayo.
Shangazi alimimina kikombe kimoja cha bati, kwa watu wanne.
Hakuna aliyeomba cha pili.
Hakuna aliyekataa zamu yake.

Tulimzika Agosti, udongo una barafu juu kama chumvi.
Arobaini haijafika, binamu Lukelo
alikuwa shambani na kamba ya kupimia.
Simlaumu. Ana watoto watano na bati linalovuja.
Parachichi lina bei, alisema,
lina mnunuzi, lina gari linalolifuata mpaka mlangoni.
"Hili lako lina nini?"
Nikatafuta neno. Ukakasi ukanishika bila hata kunywa.

Shoka halikuhitaji nusu saa.
Shina lilipokatika halikutoa sauti ya mti,
lilitoa sauti ya kitu kinachowekwa chini.
Niliokota vipando sita, urefu wa kiganja na nusu,
nikavizungushia gunia bichi,
nikavipakata mpaka Iringa mjini kama mtu aliyetoka hospitali.

Kihesa, uani, ndoo sita zilizotobolewa kwa msumari wa moto.
Kimoja kiliozea majini.
Viwili vililiwa na mbuzi wa jirani, ambaye hakuonekana kufurahi.
Viwili vilikauka tu, bila maelezo.

Cha sita kimesimama. Hakina jani. Hakijafa.
Mwanangu Tulizo ananiuliza kama ni kigingi cha kuanikia.

Jana nilikikwaruza kwa ukucha wa gumba, kidogo tu,
pale chini ya jicho la pili.
Ndani kulikuwa na ubichi, mwembamba kama uzi.
Nikalamba ukucha.
Ulimi ukakauka.